Lugha, umoja na tabaka jijini Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya sikuyatunga mimi. Nina saiba ndogo Kayole, miaka 14 sasa. Watu hudhani kazi yangu ni kutoa kopi na kuchapisha, lakini kazi yangu kubwa hasa ni kusoma. Mtu huja na barua ya korti, barua ya shule, ujumbe wa benki kwenye simu au fomu ya bima, anaiweka juu ya kaunta na kuuliza, "Hapa wanasema nini?" Barua ikishaeleweka, mazungumzo hufuata, na karibu kila mara huishia kwenye lugha: nani anaelewa, nani anachekwa, nani anaachwa nje ya mlango. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi zaidi. Penye sheria nimeitaja sheria, na penye maoni yangu nimesema ni yangu.

Lugha ya taifa na lugha rasmi si kitu kimoja?

La. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, kisha inasema lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Lugha ya taifa ni ile inayotutambulisha kama watu wamoja. Lugha rasmi ni ile ambayo serikali inaifanyia kazi: sheria, hukumu, barua, mitihani. Ibara hiyohiyo inaipa serikali wajibu wa kukuza lugha za kienyeji, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli.

Kwa hivyo kwenye karatasi Kiswahili kina vyeo viwili na Kiingereza kina kimoja. Lakini soma mpaka Ibara ya 259. Inasema matoleo ya Katiba ya lugha mbalimbali yakigongana, toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Nilipoifikia sentensi hiyo mara ya kwanza niliisoma mara tatu. Lugha ya taifa, ndani ya Katiba ya taifa, ikikosana na lugha nyingine ndiyo inayokaa pembeni. Mengi nitakayoeleza hapa chini yanaanzia hapo.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, na kikatumika. Miswada yenyewe ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Tangu hapo tumekuwa nchi inayozungumza kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, na mwananchi wa kawaida yuko upande wa mazungumzo tu.

Wingi wa lugha za mama ndio unaotutenganisha?

Hili ndilo ninaloulizwa zaidi, hasa uchaguzi ukikaribia. Jibu langu ni hapana.

Njoo kwenye ploti yoyote ya Kayole, Githurai au Kawangware asubuhi ya Jumamosi. Vyumba kumi, bomba moja la maji. Anayepanga mitungi ni wa Kitui, anayemfuata ni wa Kisii, anayeanika nguo ni wa Siaya kama mimi, na mwenye ufunguo wa geti ni wa Murang'a. Kila mmoja ana lugha anayoiombea na anayoongea na mamake kwenye simu. Bombani wote wanaongea Kiswahili, na Kiswahili hicho kinatosha kukopeshana unga, kuendesha chama na kumkimbiza mtoto wa jirani hospitali usiku wa manane. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Lugha zetu zingekuwa kuta, mji wa watu wengi hivyo usingeamka hata siku moja.

Tazama na nje. Karibu Wanyarwanda wote huongea Kinyarwanda, na mauaji ya kimbari ya 1994 yalitokea humohumo ndani ya lugha moja. Wasomali wengi mno wanashirikiana lugha na dini, na dola yao ikaporomoka 1991. Lugha moja haikuwaokoa.

Na sisi wenyewe je? Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini. Hapa Nairobi Kibera na Mathare ziliwaka. Vijana waliweka vizuizi njiani na kudai vitambulisho ili wasome majina. Aliyekuwa akidai kitambulisho na aliyekuwa akikitoa mkono ukitetemeka walielewana neno kwa neno. Wote waliongea Kiswahili cha mtaa mmoja, na pengine waliketi dawati moja darasa la nne. Hawakukosa lugha. Kilichogombaniwa kilikuwa kura, ardhi, kodi za nyumba, na hofu ya nani atakula na nani atalala njaa miaka mitano ijayo. Jina na lugha ya mama vilitumiwa kama alama ya kumtambulia mtu, basi.

Anayeniambia kwamba tukiziua lugha za mama tutakuwa wamoja, namwomba anitajie nchi iliyopona kwa dawa hiyo.

Na jambo moja dogo ambalo napenda kuwakumbusha watu: wimbo wetu wa taifa, huu tunaousimamia tukiwa tumenyoosha mikono, sauti yake ilitokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Lugha ya watu wachache, kutoka kando ya mto, ndiyo iliyotupa tunachokiimba pamoja.

Mbona Tanzania waliweza?

Waliweza mengi na heshima yao tuwape. Lakini Kiswahili hakikufanya kazi hiyo peke yake. Mwaka 1967 ulileta Azimio la Arusha na pia Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Lugha ilikuja pamoja na siasa ya usawa, na shule ya msingi ya Kiswahili ambayo mtoto wa mkulima na mtoto wa karani waliingia wote. Sisi tulichukua wimbo wa Kiswahili tukaacha ile siasa. Hata hivyo Watanzania nao wana swali lao: sekondari yao imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza, na mzazi mwenye uwezo wa kule hutafuta shule ya Kiingereza kama wa huku.

Basi redio za lugha za mama zifungwe?

Swali hili lilizaliwa na 2008, na linaeleweka. Redio hizi zilianza kuongezeka tangu 2000 Kameme ilipoanza kutangaza kwa Kikuyu, na kipindi kile cha ghasia baadhi zililaumiwa kwa uchochezi. Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na majaji wakaisitisha kesi hiyo Aprili 2016.

Mimi nasema zisifungwe. Shosho, yaani nyanya, wa kijijini anayesikia habari za chanjo ya ng'ombe, bei ya mahindi na tarehe ya kujiandikisha kwa lugha yake ni raia aliyejumuishwa. Uchochezi ni kosa kwa lugha yoyote, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inauadhibu bila kuuliza umesemwa kwa lugha gani. Nimesikia maneno ya chuki kwa Kiingereza kizuri sana, na sijawahi kusikia mtu akitaka Kiingereza kifungwe.

Wenzangu kazini wakiongea lugha yao mbele yangu, wananibagua?

Inategemea wanafanya nini nayo. Watu wawili wakisalimiana kwa Kimeru kwenye korido hawajamwibia mtu kitu. Ibara ya 44 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake. Lakini mkutano ukianza kwa Kiswahili, mkubwa akageukia lugha ya kwao kutoa maamuzi, na wewe umeketi pale unatazama midomo, hapo umefungiwa nje. Ibara ya 27 inataja lugha waziwazi miongoni mwa misingi ambayo ni marufuku kumbagulia mtu.

Tena usiangalie masikio peke yake, angalia orodha ya wafanyakazi. Sheria hiyo ya 2008, kifungu cha 7, inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Ofisi ambayo lugha moja ya mama imekuwa lugha ya kazi, mara nyingi shida yake ilianza siku ya kuajiri.

Na heshima ndogo tu inasaidia. Mtu wa tatu akiingia, geuza. Mamangu alitufundisha hivyo nyumbani: mgeni akiketi, Dholuo, yaani Kijaluo, inapumzika.

Kiingereza kinahusianaje na tabaka?

Hapa ndipo ninapouona utengano wenyewe, kila siku, mita mbili kutoka kwenye kaunta yangu.

Tuanze na ramani. Reli ilifika hapa 1899, na mji uliochipuka uligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa magharibi na kwenye miinuko, Muthaiga na Karen. Wahindi walikuwa Parklands na Ngara. Waafrika walisukumwa mashariki: Pumwani, kisha Kaloleni, Shauri Moyo, Makongeni. Shule nazo ziligawanywa hivyohivyo. Kiswahili alichokiongea setla kwa mpishi wake kilikuwa cha amri tupu, kile kilichoitwa Kisetla, "lete maji", "toka hapa". Kwa hivyo hata kabla ya uhuru jiji lilikuwa limeshafundishwa kwamba Kiingereza ni cha anayeketi na Kiswahili ni cha anayetumwa. Uhuru ulipokuja rangi ilifutwa kwenye ramani. Lugha ilibaki palepale. Ripoti ya tume ya elimu ya Ominde ya 1964 iliunga mkono Kiingereza kama lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na Kiswahili kikangoja mpaka mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ndipo kikawa somo la lazima lenye mtihani.

Leo simama kwenye geti la fleti mojawapo Kilimani dakika tano. Mwenye gari anashusha kioo, anamwambia soja, "Fungua." Simu inalia, anaongea Kiingereza na mwenzake wa ofisini. Mama wa kufua anapita na ndoo, anaulizwa kwa Kiswahili kama amemaliza. Mtoto aliye kiti cha nyuma anaitwa kwa Kiingereza. Mtu mmoja, dakika tano, na kila aliyesemezwa amejua nafasi yake kwa lugha aliyosemezwa nayo. Si lazima mwenye gari awe mtu mbaya. Amezoea tu, kama wote tulivyozoea.

Halafu kuna shule. Mtoto wa Runda anaingia darasa la kwanza akiwa amekiongea Kiingereza nyumbani miaka mitano. Wa Kayole anakutana nacho ubaoni. Hesabu inaulizwa kwa Kiingereza, sayansi kwa Kiingereza, na mwishowe wote wawili wanapewa karatasi moja ya mtihani na kuambiwa ni sawa. Tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976 sera imekuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na Nairobi lugha hiyo kwa kawaida ni Kiswahili. Tembelea shule za mitaani uone. Hata ile ya mabati yenye madarasa matatu imeandika kwenye ukuta kwamba wanafunzi waongee Kiingereza, kwa kuwa mwalimu mkuu anajua wazazi watahamisha watoto asipoandika. Siwalaumu wazazi hao. Wameona mlango ulipo.

Kisha kazi. Miaka michache iliyopita binti wa ploti yetu, aliyesomea upishi na mapokezi, aliitwa kwa mahojiano katika hoteli moja ya mjini. Nilimchapishia barua na vyeti. Tulifanya mazoezi hapa kwenye kiti cha plastiki, mimi nikiuliza maswali kwa Kiingereza naye akijibu. Kazi aliijua vizuri. Shida ilikuwa neno moja: shifti. Dholuo haina sauti ya "sh", na yeye alitoka kwao akiwa mkubwa. Akasema "sifti". Tulirudia mara ishirini, tukacheka, tukarudia tena. Siku ya mahojiano walimwuliza kama anaweza kufanya kazi usiku. Alijibu, na mmoja wao akamwomba arudie. Akarudia. Akaombwa tena. Mara ya tatu akaona wanatazamana wakitabasamu, naye akanyamaza, na majibu mengine yote aliyokuwa nayo yakafa kifuani. Alirudi jioni akaketi kwenye kiti kilekile. Hakuniambia kwamba amekosa kazi. Aliniambia, "Wamenifanya niseme mara tatu."

Kushrabu ni kosa kweli?

Kushrabu ni neno letu la kumcheka mtu ambaye lugha ya mama inasikika ndani ya Kiingereza au Kiswahili chake: Mkikuyu akibadilisha "r" na "l", Mkalenjin akisema "p" mahali pa "b", sisi Wajaluo na "s" zetu. Tunacheka tangu shule ya msingi, na wachekeshaji wetu wamejipatia riziki humo.

Mimi nimeacha kucheka. Mfaransa akikivuruga Kiingereza chote tunasema ana lafudhi, na tunaiona tamu. Mtu wa Bondo au Nyeri akipindisha herufi moja tunasema ameshrabu, na akili yake yote tunaitilia shaka. Kinachopimwa pale si ulimi. Mtoto wa shule ya ada kubwa hufundishwa na walimu wasio na lafudhi ya kijijini, kwa hivyo hashrabu. Ukimcheka anayeshrabu umecheka shule ambayo wazazi wake walimudu kuilipia.

Mtoto wangu wa Nairobi hajui lugha yetu ya nyumbani. Nimekosea?

Wazazi huniuliza hili kwa sauti ya chini, kama wanaotubu. Sikulaumu, najua tulikotoka.

Mimi nilisoma shule ya msingi kijijini, na darasani mwetu kulikuwa na diski. Ilikuwa kipande cha mbao chenye tundu na kamba ya katani. Ukisikika ukiongea Dholuo unavishwa shingoni, nawe unabaki ukitegea mwenzako ateleze umpe. Atakayelala nayo ndiye anayechapwa asubuhi. Nakumbuka kamba ilivyowasha shingo, lakini zaidi nakumbuka jinsi nilivyomvizia rafiki yangu kisimani. Nilimwuliza swali kwa lugha yetu kusudi anijibu. Alijibu. Tulikuwa na miaka tisa. Kitu kile kilitufundisha kusalitiana, na kilitufundisha kwamba maneno ya mama ni uchafu wa kufichwa.

Kizazi kilichovaa diski ndicho kilichokuja Nairobi na kuamua watoto hawatapitia hayo, na njia rahisi ikawa kutowafundisha kabisa. Sasa mtoto akipelekwa ocha, kijijini, Desemba anaketi na nyanyake wakitazamana, mmoja ana hadithi na mwingine hana masikio yake. Hicho ndicho kinachoniuma.

Unaweza kuanza leo. Mtoto hajazwi kama debe hata lugha moja imwage nyingine. Watoto wa Eastleigh hukua na Kisomali, Kiswahili na Kiingereza na hawachanganyikiwi. Salamu, vyakula, majina ya jamaa, kisha simu moja kwa shosho kila Jumapili bila mkalimani.

Sheng ni lugha ya wahuni?

Hapana, ingawa nimeona vijana wakinyang'anywa heshima kwa ajili yake. Sheng ilikulia Eastlands, katika nyumba za chumba kimoja ambamo watoto wa makabila yote walicheza uwanja mmoja. Shosho limetoka Kikuyu, omera (ndugu) limetoka Kijaluo, gava (serikali) limetoka Kiingereza, na sarufi inayoyafunga yote ni ya Kiswahili. Kama kuna mahali Mkenya amezaliwa bila kuulizwa kabila, ni humo. Ukimsikia kijana akiongea Sheng utajua mtaa wake kabla hujajua kwao.

Lakini Sheng nayo ina mpaka wake, na tusijidanganye. Inabadilika haraka hadi mwanafunzi wa bweni akirudi likizo anakuta maneno yake yamezeeka. Mzee haimfikii. Na mtoto wa tajiri huivaa na kuivua kama jaketi, ilhali wa Dandora akiisahau mdomoni mbele ya karani wa ajira, imemponza. Tazama mabango barabarani: kampuni zinatuuzia soda na bando kwa Sheng. Tangazo la kazi la kampuni hizohizo huandikwa kwa Kiingereza. Wanaupenda mfuko wa kijana wa mtaani kwa lugha yake, ila mikono yake wanaitaka kwa lugha nyingine.

Kuhusu kuharibu Kiswahili, walimu wana haki ya kulalamika insha zikija na Sheng, maana mtihani hauna huruma. Ila Kiswahili hakidhoofishwi na watoto wanaokichezea. Kinachokidhoofisha ni ofisi zisizokiandika.

Nikipelekwa kortini na Kiingereza sikielewi, nina haki gani?

Jibu hili lisome polepole, na umsomee jirani.

Ukikamatwa, Ibara ya 49 inataka uambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha unayoielewa. Kesi ikianza, Ibara ya 50 inakupa mkalimani bila malipo ikiwa huelewi lugha inayotumika. Hulipi hata shilingi. Na tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa 1973 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, utaratibu ni kwamba mashtaka na vipengele vyake vyote muhimu yaelezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa kabla hajajibu.

Kwa nini ninasisitiza? Kwa sababu ya neno "ndiyo". Karani anasoma haraka, mshtakiwa anaulizwa kama ni kweli, naye anasema "ndiyo" akimaanisha nimesikia. Kwenye faili inaandikwa kwamba amekiri. Kama hujaelewa, usiseme ndiyo. Sema, "Mheshimiwa, sijaelewa, naomba mkalimani." Sema Kiswahili, sema Kiborana, sema lugha yoyote, lakini sema, na uombe iandikwe kwamba umesema.

Na hospitalini?

Uliza mpaka uelewe. Kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji, mwombe daktari au nesi akueleze kwa Kiswahili watafanya nini, kwa nini, na nini kinaweza kwenda mrama. Wengi wao wanakijua vizuri na watakueleza, ila foleni ni ndefu na Kiingereza ndicho walichosomea. Dawa nazo: mwambie mfamasia aandike "mara mbili, asubuhi na jioni" juu ya pakiti.

Viziwi wako wapi katika mambo haya?

Wamo kwenye Katiba kuliko wanavyoonekana mitaani. Ibara ya 120 inataja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na sheria ya 2003 ilitaka habari za televisheni ziwe na mkalimani wa ishara au maandishi. Ofisini kwa chifu hakuna hata mmoja. Mteja wangu kiziwi hufanya kila jambo kwa kuniandikia kwenye simu, na nimeanza kujifunza ishara chache nikiwa nimechelewa sana.

Juni 2024 ilitufunza nini kuhusu lugha?

Kwangu, ilikuwa mara ya kwanza kuona kile ninachofanya kaunta kikifanywa na vijana nchi nzima. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa kurasa na kurasa za Kiingereza cha mawakili. Ndani yake kulikuwa na ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Miaka mingine ungepita watu wakisikia tetesi. Safari hii vijana waliuchukua wakaueleza kwa video fupifupi, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za mama, kwa lugha ya ishara. Mama mboga wa hapa nje aliniita, "Njoo usikie, huyu anaeleza mkate kwa Kikamba." Alikuwa ameusikiliza ushuru kwa lugha ya kwao kwa mara ya kwanza maishani.

Vijana wale walisema hawana kabila. Na walifika kwenye umoja huo bila kutupa lugha yoyote, walizitumia zote. Tarehe 25 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, tarehe 26 Rais akakataa kuutia sahihi muswada. Makumi ya watu walikuwa wameuawa katika maandamano ya siku hizo na zilizofuata. Siwezi kuandika habari hii kama ushindi mtupu.

Serikali ikitaka kurekebisha, ingeanzia wapi?

Karatasi. Sizungumzii sherehe za Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, ingawa nazifurahia. Sizungumzii hotuba pia. Kila sikukuu ya taifa tunaona kiongozi akisoma hotuba ya Kiingereza, kisha anaiweka chini na kuongea Kiswahili bila kuandika, na hapo ndipo uwanja unaamka. Watu wamegundua siku nyingi kwamba sehemu yenye bajeti ni ile ya kwanza.

Nataka hati ya mashtaka, notisi ya kubomoa nyumba, mkataba wa mkopo, fomu za serikali mtandaoni na miswada yote itoke kwa Kiswahili siku ileile inapotoka kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi, kwa hivyo hatuombi fadhila. Kisha tufike kwenye Ibara ya 259. Mpaka Kiswahili kiweze kushinda penye mgongano hata mara moja, tutakuwa tunakiimba tu.

Ninaweza kuleta barua nisomewe hata kama sina pesa?

Njoo. Lete barua yenyewe, si picha ya simu, maana tarehe na muhuri hukaa pembeni na picha huvikata. Usitie sahihi kwanza. Kama Kiswahili nacho kinakupa taabu, njoo na mtu wa lugha yako unayemwamini: mimi nitatoa Kiingereza nilete Kiswahili, yeye atatoa Kiswahili akupe lugha yenu, nawe uulize mpaka uridhike. Wiki jana tulisoma hivyo na susu mmoja wa Makueni aliyekuja na mjukuu wake. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, ikatuchukua karibu saa nzima. Ilimwambia aende akachukue hati ya shamba lake. Alikuwa ameiweka chini ya godoro miezi mitatu, akidhani ni ya kumfukuza.